Begi la Droni Safarini: Bora ni Linalogawanyika

Anayekwenda dukani kununua begi la mgongoni la kubebea droni huulizwa maswali mawili: droni yako ni ya aina gani, na unataka begi la lita ngapi? Kwa safari ya gari maswali hayo yanatosha. Kwenye safari ya ndege wapo wenye kauli wengine ambao muuza mabegi hawataji: sheria ya betri, mizani ya kaunta, mhudumu anayesimama mlangoni mwa ndege, na ofisa wa forodha mwisho wa safari. Wa kwanza anataka betri zibaki na abiria. Wa pili anataka mzigo wa abiria upungue. Wa tatu anaweza kulichukua begi zima dakika ya mwisho alipeleke chini, na wa nne anaweza kuizuia droni yenyewe. Amri hizi zinavutana, na kinachovutwa ni begi.

Ndiyo maana kigezo cha kwanza hakipaswi kuwa idadi ya mifuko wala unene wa spongi. Begi linalofaa kwa anga ni lile linaloweza kugawanywa haraka: betri upande huu, droni upande ule, vitu vingine peke yake, bila kulimwaga lote sakafuni.

Tulikotoka

Phantom ya kwanza ya kampuni ya DJI ilipoingia sokoni mwaka 2013, mikono yake haikukunjika. Hata Phantom 4 Pro iliyofuata miaka michache baadaye ilikuwa na milimita 350 kwa mshazari kutoka mota hadi mota, na uzito wa gramu 1,388. Chombo cha namna hiyo kilidai begi lake peke yake: ganda gumu nje, spongi iliyochongwa kwa umbo la droni ndani, na nafasi finyu ya kitu kingine chochote.

Mavic Pro ya kampuni hiyohiyo, iliyotoka Septemba 2016, ilibadili hesabu. Ikikunjwa, ilikuwa na urefu wa milimita 198 na upana wa 83, kiasi cha chupa ya maji ya kunywa. Tangu hapo droni nyingi za wapiga picha zinaingia kwenye begi lolote la kamera, na nyingine kwenye begi la shule. Hoja ya kununua begi lililochongwa kwa modeli moja imepungua nguvu, na lina kasoro nyingine: ukibadili droni, begi limekufa. Mavic 3 ikikunjwa ina milimita 221 kwa 96.3 kwa 90.3, kwa hiyo shimo lililokatwa kwa ajili ya Mavic Pro haliipokei. Vigawanyio vinavyohamishika, vile vinavyoshikwa kwa velkro, hudumu kuliko droni yenyewe.

Kwa nini betri haziendi chini

Kanuni za kimataifa za bidhaa hatari, zinazotolewa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, na kufuatwa na mashirika ya ndege kupitia mwongozo wa chama chao, IATA, ziko wazi: betri ya akiba ya lithiamu haiingii kwenye mzigo wa kukabidhi. Inasafiri ndani pamoja na abiria, ncha zake zikiwa zimekingwa zisigusane na chuma. Betri ya droni ikishachomolewa huhesabiwa kuwa ya akiba, hata kama unayo hiyo moja tu.

Sababu ilijifunzwa kwa gharama kubwa. Tarehe 3 Septemba 2010, Boeing 747 ya mizigo ya UPS iliondoka Dubai kuelekea Cologne, ikashika moto angani na kuanguka ilipojaribu kurudi. Marubani wote wawili walikufa. Wachunguzi wa Falme za Kiarabu waliuhusisha moto huo na shehena iliyokuwa na betri za lithiamu. Kuanzia Aprili 2016, ICAO ilipiga marufuku shehena ya betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake ndani ya ndege za abiria.

Tatizo ni tabia ya betri hizi. Seli moja ikipata joto kupita kiasi huchochea ya pili, ya pili huchochea ya tatu, na gesi zinazotoka zinawaka. Gesi ya haloni inayozima moto kwenye sehemu ya mizigo ya ndege huua miali, lakini haizipozi seli. Majaribio ya mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, yaliyotangazwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba betri ya kompyuta mpakato ikishika moto ndani ya sanduku karibu na kopo la dawa ya kupuliza, mlipuko unaweza kuushinda mfumo huo wa kuzima moto. Kwenye chumba cha abiria hali ni tofauti: watu wataona moshi, na wahudumu wamefundishwa kuzima miali kisha kuipoza betri kwa maji.

Hata huko juu si kila mahali panafaa. Januari 28, 2025, ndege ya Air Busan iliteketea ikiwa bado uwanjani mjini Busan, Korea Kusini. Moto ulianzia kwenye kabati la mizigo la juu ya viti, na uchunguzi ulielekea kwenye pawabenki. Abiria na wahudumu wote walitoka hai. Baadaye Korea iliwataka abiria waweke pawabenki na betri zao karibu nao badala ya kwenye kabati la juu.

Kwa mnunuzi wa begi, somo ni moja. Betri zinahitaji mfuko mdogo wa peke yake unaochomoka ndani ya begi kubwa na kukaa chini ya kiti cha mbele. Mfuko huo unaweza kuwa wa kitambaa kisichoshika moto. Sheria ya kimataifa hailazimishi kitambaa hicho. Inacholazimisha ni ncha kukingwa. Kifuniko cha kiwandani, utepe wa plastiki juu ya ncha, au kila betri ndani ya kifuko chake, vyote vinakubalika. Kisichokubalika ni betri tatu kugonganagongana na funguo na sarafu kwenye mfuko mmoja.

Mstari wa wati-saa 100

Ukubwa wa betri hupimwa kwa wati-saa, na hesabu yake ni nyepesi: zidisha volti kwa miliampea-saa, kisha gawanya kwa 1,000. Betri ya Mavic 3 ina volti 15.4 na miliampea-saa 5,000, sawa na wati-saa 77. Chini ya 100, abiria haombi ruhusa. Kati ya 100 na 160, anahitaji idhini ya shirika la ndege, na hapewi nafasi ya zaidi ya mbili za akiba. Zaidi ya 160, betri haipandi na abiria kabisa. Inakwenda kama shehena ya bidhaa hatari, kwa nyaraka na vifungashio vyake.

Droni za kawaida ziko mbali na mstari huo. Mini 4 Pro ina wati-saa 18.96, Air 3 ina 62.6. Phantom 4 Pro ilifika 89.2, na betri ya TB50 ya Inspire 2 ina 97.58. Ukiona namba zinavyojisogeza karibu na 100 bila kuivuka, unatambua kwamba wahandisi wanachora betri huku kanuni ya abiria ikiwa mezani. Droni za kazi ndizo zinazovuka. Matrice 30 hutumia betri mbili za wati-saa 131.6 kila moja kwa mruko mmoja, kwa hiyo mpimaji wa ardhi aliyepewa idhini atakuwa na seti moja tu ya akiba. TB60 ya Matrice 300 ina wati-saa 274, na hakuna begi la mgongoni linaloweza kulitatua hilo.

Mwongozo wa IATA unataja betri 20 za akiba zilizo chini ya wati-saa 100 kuwa kikomo cha kawaida, lakini mashirika yana uhuru wa kupunguza. Yapo pia yanayotaka mwili wa droni uende kwenye mzigo wa kukabidhi huku betri zikibaki ndani. Abiria wa shirika la namna hiyo mwenye begi la spongi iliyochongwa atajikuta amebeba ganda lenye shimo tupu katikati.

Mizani ya kaunta

Vipimo vya upana na urefu ndivyo vinavyoandikwa kwenye lebo za mabegi, na mara nyingi ndivyo visivyo na shida. Begi la lita 20 hadi 25 linapita karibu kila mahali. Kinachowakwamisha watu ni kilo. Emirates na Qatar Airways huruhusu kilo 7 ndani ya ndege kwa daraja la kawaida, Turkish Airlines 8, Kenya Airways 12. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Ulaya kupitia Doha anaishi chini ya sheria ya kilo 7, hata kama ndege ya mwisho ya safari yake ni ya shirika karimu zaidi. Kamba hukatikia pembamba.

Tupige hesabu kwa Mavic 3. Droni na betri yake ni gramu 895. Betri mbili za akiba, gramu 335.5 kila moja, zinaongeza 671. Rimoti ya kawaida ni kama gramu 390. Tumefika karibu kilo 2. Chaja, nyaya, propela za akiba na vichujio ni nusu kilo nyingine. Ongeza kompyuta mpakato ya kilo moja na nusu, kisha kamera yenye lenzi moja kwa uzito huohuo, tunapata kilo 5 na nusu. Hapo begi lenyewe halijahesabiwa. Begi la kamera lenye kuta nene na fremu hufika kilo 2 likiwa tupu, jumla kilo 7 na nusu, na umeshindwa. Begi jepesi la kilo moja linakufikisha kilo 6 na nusu, na umepita. Droni ni ileile na vifaa ni vilevile. Kilichoamua ni uzito wa kitambaa, zipu na spongi.

Basi namba ya kwanza ya kuuliza dukani ni uzito wa begi tupu. Matangazo hupenda kuitaja mwishoni kwa herufi ndogo. Anayebeba Mini 4 Pro ana nafasi ya kupumua: droni ya gramu 249, betri mbili za akiba zisizofika gramu 160 kwa pamoja, na rimoti yenye skrini ya gramu 420, vyote havifiki kilo moja. Huyo hahitaji begi la droni. Anahitaji kijaluba chenye spongi ndani ya begi alilonalo.

Kugawanyika kunasaidia hata kwenye mizani. Mashirika mengi huruhusu kitu kidogo cha pili, kama mkoba wa kompyuta, na huko ndiko mfuko wa betri na rimoti unakohamia. Koti lenye mifuko mikubwa hufanya kazi hiyohiyo: betri tatu za Mavic 3 ni kilo nzima, na zikiwa mwilini mwako, zimekingwa ncha, bado ziko ndani ya ndege kama sheria inavyotaka.

Mlangoni mwa ndege

Hatari kubwa zaidi inakuja baada ya mizani, wakati msafiri anadhani ameshavuka. Ndege imejaa, makabati ya juu hayana nafasi, na mhudumu anaanza kuchukua mabegi ya waliopanda mwisho ili yapelekwe chini. Kanuni haibadiliki kwa sababu ya haraka: betri zote za akiba na pawabenki lazima zitolewe kwenye begi kabla halijaondoka mkononi mwako. Mwenye betri zilizotawanyika, moja kwenye mfuko wa pembeni, nyingine chini ya droni, ya tatu ndani ya chaja, atapekua begi huku foleni ikimsukuma nyuma. Ni hapo betri inaposahauliwa ndani.

Hapa ndipo begi linalogawanyika linapolipa gharama yake. Zipu moja, mfuko wa betri nje. Zipu ya pili, kisanduku cha spongi chenye droni na rimoti nje. Ganda lililobaki lina nguo, nyaya na chaja, na likitupwatupwa hakuna kilichopotea. Mabegi ya kusafiria yenye visanduku vya kamera vinavyochomoka, kama Peak Design na f-stop wanavyoyatengeneza, yamejengwa kwa wazo hili ingawa hayauzwi kama mabegi ya droni. Wazo hilo linaweza pia kushonwa: fundi anayejua mabegi, turubai, spongi ngumu ya sentimita moja na zipu nzuri vinatosha kutengeneza kisanduku cha kuingia kwenye begi lolote.

Ndege ndogo za mbugani

Anayepanda ndege ndogo kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara, au Arusha kwenda Seronera, Serengeti, anaingia ulimwengu mwingine. Ndege kama Cessna Caravan hubeba mizigo mingi kwenye kontena lililofungwa chini ya tumbo lake. Kiwango kilichozoeleka ni kilo 15 kwa jumla, mzigo wa mkononi ukiwemo, na begi linatakiwa kuwa laini ili lisukumwe na kukaa palipo na nafasi. Ganda gumu na fremu ya chuma, vilivyosifiwa dukani kwa ulinzi, hapa ni kikwazo. Begi laini litaingia kontenani. Kisanduku cha droni na mfuko wa betri vitakaa mapajani.

Vumbi la huko na chumvi ya pwani vinadai jambo moja dogo: zipu zenye kifuniko na vifuko viwili vya chembe za kunyonya unyevu. Kifuniko cha gimbali kisibaki nyumbani, kwa sababu kiungo hicho cha kamera ndicho chepesi kuumia kwa mtikisiko kuliko mwili wote wa droni.

Forodha

Begi likishinda anga, bado lina nchi ya kuingia. Kenya iliweka kanuni zake za droni mwaka 2020, na anayeingiza anatakiwa kuwa na kibali cha mamlaka ya anga ya nchi hiyo, KCAA. Asiyekuwa nacho huzuiliwa droni yake uwanjani. Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 chini ya mamlaka yake ya anga, TCAA, na ndani ya hifadhi za taifa droni hairushwi bila kibali, kama ilivyo pia kwenye hifadhi zinazosimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS, nchini Kenya. Misri, kwa sheria namba 216 ya mwaka 2017, inakataza hata kumiliki droni bila idhini ya Wizara ya Ulinzi. Moroko nayo huzikamata uwanjani. Falme za Kiarabu zilisimamisha urushaji wa burudani Januari 2022 baada ya shambulizi la droni mjini Abu Dhabi, na Dubai ikaanza kulegeza kwa wenye kibali mwanzoni mwa 2025.

Hakuna begi linaloweza kuchukua nafasi ya kibali. Ila droni ikizuiliwa, mwenye kisanduku kinachochomoka ataacha kisanduku hicho, atapokea stakabadhi, na kuondoka na kompyuta, kamera na nguo zake. Mwenye begi lililochongwa ataiacha droni uchi kwenye rafu ya ghala, au ataacha begi zima. Busara hiyohiyo inakataa begi lenye picha ya droni au jina lake kwa herufi kubwa mgongoni. Linaita macho ya wezi mjini na maswali barabarani kabla hujafungua mdomo.

Je, sanduku gumu halina nafasi?

Wapo watakaosema ulinzi kwanza, na sanduku la plastiki ngumu la Pelican ndilo jibu. Hoja yao ina uzito, tena kwa maana halisi. Modeli ya 1510, iliyotengenezwa kutoshea vipimo vya mzigo wa ndani ya ndege, ina karibu kilo 5 na nusu ikiwa tupu. Kwenye shirika la kilo 7, imebaki kilo moja na nusu: Mavic 3 na betri moja na ushee. Sanduku hilo linafaa sana nyuma ya gari, kwenye boti, au kwa mwili wa droni ya kazi unaokwenda chini huku betri zikisafiri vingine.

Watu wa ramani wana hoja yao pia. Mradi wa kuchora ramani ya Zanzibar kwa droni, ulioanza mwaka 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi, ulitumia eBee, droni nyepesi ya mabawa ya povu yanayochomoka. Bawa la povu haliogopi kuanguka kama linavyoogopa kukandamizwa, na kwa hilo ganda gumu lina haki yake. Hata hivyo kanuni ya kugawa haiachwi: mabawa na mwili sandukuni, betri mkononi.

Kuchagua kwa mpangilio

Basi ununuzi uanzie mbali na duka. Soma wati-saa kwenye kila betri yako na uhesabu idadi unayobeba. Tafuta kiwango cha chini kabisa cha kilo katika safari nzima, kisha ndege ndogo kuliko zote utakayopanda, kisha sheria ya kila nchi utakayoingia. Hapo ndipo lita na mifuko vinapopata maana.

Mwenye droni iliyo chini ya gramu 250 akae na begi alilonalo, anunue kijaluba na mfuko wa betri. Mpiga picha mwenye Air au Mavic, kamera na kompyuta atafute begi la lita 25 hadi 30, lisilozidi kilo moja na robo likiwa tupu, linalofunguka upande wa mgongo. Mlango huo humfanya mkaguzi aone kila kitu kwa mara moja, na kumnyima mwizi zipu kwenye foleni. Mtu wa Matrice 300 aache kutafuta begi, amtafute wakala wa shehena.

Kabla ya kulipa, lijaribu begi kwa kazi litakayofanya kweli. Lipakie kama unavyosafiri, lipime kwenye mizani, kisha mwombe mtu asimame karibu akuhimize. Toa betri zote, toa droni na rimoti, funga begi, usiguse nguo hata moja. Likikukawiza ukiwa umetulia dukani, halitakuwa jepesi zaidi mlangoni mwa ndege, na bei yake haitakuwa punguzo.